Kutofungamana na upande wowote: soma kifungu kwanza

Marekani na China zikivutana kuhusu Taiwan au Bahari ya China Kusini, haichukui muda ubishi kufika kwenye vijiwe vya kahawa vya Arusha. Swali huwa lilelile: "Sasa sisi tuko upande gani?" Jibu nalo liko tayari: Tanzania haifungamani na upande wowote. Tumelizoea jibu hilo tangu shuleni, hata wengi hatujiulizi linakataza nini na linaruhusu nini.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Shina ni funga. Kama vile shika huzaa shikamana, funga huzaa fungamana: vitu viwili kushikana kwa namna inayodumu, kimoja kikivutwa, kingine nacho huvutika. Anayefungamana, basi, si anayempenda au kumsifu mwenzake. Ni yule ambaye vita vya mwenzake vimekuwa vita vyake.

Maana hiyo inalingana na vigezo vya harakati yenyewe ya nchi zisizofungamana na upande wowote. Mkutano wa maandalizi uliofanyika Cairo Juni 1961, kabla ya ule wa wakuu wa nchi wa Belgrade mwezi Septemba, ulitaka nchi isiwe mwanachama wa umoja wa kijeshi ulioundwa kutokana na ugomvi wa mataifa makubwa. Hata mkataba wa nchi mbili au kituo cha kijeshi cha kigeni kilipimwa hivyohivyo: je, kiliwekwa kwa makusudi ndani ya ugomvi huo? Vigezo havikukataza kununua silaha, kupokea wakufunzi wala kutoa kauli kali.

Ndiyo maana istilahi hii haifai kuchanganywa na "kutoegemea upande wowote". Asiyeegemea hukaa kando katika ugomvi fulani. Machi 2022, katika kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu Ukraine, Tanzania na Uganda zilijizuia kupiga kura, Kenya na Rwanda zikaunga mkono azimio. Huo ulikuwa msimamo wa siku moja juu ya jambo moja. Kinyume chake, Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukakwama. Nchi haiwezi kuegemea upande waziwazi kuliko hivyo, na bado haikuwa imefungamana na yeyote.

Mapema mwaka huohuo kulikuwa na mtihani mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na baada ya Muungano Dar es Salaam ikakubali nchi hiyo ifungue ubalozi mdogo. Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi, uliohusisha mafunzo ya urubani. Rais Nyerere hakubadili uamuzi. Aliitaka Ujerumani Magharibi iondoe na misaada mingine ya serikali yake. Mafunzo ya jeshi la anga yakachukuliwa na Canada, huku China ikiwa tayari inatoa mafunzo kwa upande wake. Miaka miwili baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha lililotoka hapo likaonya kuwa kutegemea zawadi na mikopo kutoka nje kunahatarisha uhuru. Aliyekuwa akifuatilia mambo ya 1965 alijua onyo hilo limetoka wapi.

Tukirudi Pasifiki tulikoanzia, na kulinganisha mikataba yake na ule wa NATO, tunajifunza jambo jingine: vifungo havilingani uzito. Kifungu cha 5 cha mkataba wa NATO wa 1949 kinasema shambulio dhidi ya mmoja ni shambulio dhidi ya wote. ANZUS, mkataba wa 1951 kati ya Australia, New Zealand na Marekani, ni mwepesi zaidi: kila nchi itakabili hatari ya pamoja kwa kufuata taratibu za katiba yake. New Zealand ilipozizuia meli za nyuklia, Marekani ilisimamisha wajibu wake wa kuilinda mwaka 1986. AUKUS ya 2021, ambayo magazeti huiita muungano wa kijeshi, inahusu nyambizi na teknolojia. Haina kifungu cha kulindana. Tena kwa Mtanzania "Muungano" ni ule wa 26 Aprili 1964, nchi mbili kuwa moja. "Umoja wa kujihami" ungetosha pale penye ahadi ya kulindana, na "ushirikiano wa kijeshi" pale isipokuwepo.

Kwa kipimo hicho, mazoezi ya Kitgum, Uganda, mwaka 2009, ambako wanajeshi wa Tanzania walikuwa pamoja na Wamarekani, hayakuwa mafungamano. Wala yale ya 2024 yaliyofanyika Tanzania na kuishirikisha China pamoja na Msumbiji. Mkataba wa SADC wa kulindana, uliosainiwa Dar es Salaam Agosti 2003, ndio unaofunga kweli. Ila unatufunga kwa majirani, si kwa wakubwa wanaogombana.

Hapo ndipo Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inapoingia. Itifaki ya ushirikiano wa ulinzi ya 2012 inahusu mambo kama mafunzo na mazoezi ya pamoja. Mkataba kamili wa kulindana ni hatua nyingine. Mwaka 2024 Marekani iliipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Hadhi hiyo hurahisisha kupata silaha na mafunzo, haiahidi ulinzi. Hata hivyo, siku nchi za Jumuiya zikiahidi kupigana vita vya mwenzao, lazima zijue kila moja imeahidi nini kwingine.

Waandishi, wafasiri na wabishi wenzangu wa vijiweni, mkataba wowote ukitangazwa tuulize mawili kabla ya kuutaja upande: kifungu gani kinatulazimisha kupigana, na umeandikwa kwa ajili ya ugomvi wa nani? Kama majibu hayapo, bado hatujafungamana.