Akili Tunzi, Wala Si Zalishi

Kuna waraka unaozunguka miongoni mwetu tunaofundisha masomo ya biashara kati ya Meru na Embu. Unaeleza ni lini mwanafunzi anaruhusiwa kutumia ChatGPT na jamaa zake katika kazi za darasani, na ni lini haruhusiwi. Yaliyomo ni ya busara, sina neno nayo. Neno langu liko kwenye kichwa cha waraka: "Matumizi ya Akili Bandia Zalishi katika Elimu ya Menejimenti." Katika mstari huo mmoja mna makosa mawili ya istilahi na uvivu mmoja.

Uvivu ni hilo "menejimenti", neno lililovishwa irabu mwishoni na kuambiwa nenda zako. Usimamizi upo, uongozi upo, utawala upo, na mhadhiri asiyeweza kuutenganisha mmoja na mwenzake hatasaidiwa na mkopo huo. Nalipita.

Kosa la kwanza ni bandia. Wasomaji wa huku hawahitaji kamusi ili kujua neno hilo linanuka vipi. Mwaka 2024 nchi nzima ilipiga kelele kuhusu mbolea bandia ya ruzuku, na mkulima wa Nkubu au wa Runyenjes aliyeinunua anakumbuka mahindi yake. Noti bandia, dawa bandia, mbegu bandia: katika Kiswahili cha leo, mara nyingi bandia ni kitu kilichotengenezwa ili ulaghaiwe. Teknolojia hii ina dhambi zake, nitazifikia, lakini haikubuniwa ili ipite kama noti. Baadhi ya majirani zetu Watanzania wamekwenda na "akili mnemba". Nawaheshimu, ila kila ninapolitaja darasani naulizwa kuhusu kile kisiwa cha kaskazini mashariki mwa Unguja wanakopiga mbizi watalii. Istilahi inayohitaji ufafanuzi kabla ya kufafanua ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo nasimama na wanaosema akili unde. Neno hili lina ukoo. Kiswahili cha kale kilikuwa na kiambishi tamati -e cha kutaja kitu kilichotendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kilichoundwa, basi, ni unde. Hakuna lawama ndani yake wala sifa. Meli huundwa, tume huundwa, na akili hii imeundwa.

Sasa zalishi, ambalo ndilo lililonitoa usingizini.

Kamati iliyolipitisha haikulibuni, ililichukua kabatini. Wanaisimu wa Kiswahili walipotaka kusomesha nadharia ya Noam Chomsky, ile iliyoanza kuvuma mwaka 1957, waliiita sarufi zalishi. Huko neno lilikaa vizuri kiasi, ingawa hata Chomsky alilazimika kueleza, katika kitabu chake cha 1965, kwamba hakukusudia mashine ya kutema sentensi. Alikusudia sarufi iliyo wazi, inayobainisha kwa kanuni ni sentensi zipi zimo katika lugha na zipi hazimo. Miongo kadhaa baadaye ikaja herufi G ya GPT, ambayo ni neno lilelile la Kiingereza, generative, na kamati ikasema: tunalo tayari. Haikuuliza kama maana ni ileile. Si ileile. Katika takwimu, kulikotoka G hii, kuna mifumo inayojifunza namna data yenyewe inavyoelekea kutokea, na kwa hiyo inaweza kutoa mifano mipya inayofanana nayo; na kuna mifumo inayojifunza kutenga tu, huyu akopeshwe kwa simu, yule asikopeshwe. Kanuni za Chomsky hazimo humo. Mwenyewe aliwahi kuandika katika gazeti la New York Times, Machi 2023, pamoja na wenzake wawili, akiishambulia ChatGPT waziwazi. Tumemvisha mzee huyo shati la adui yake.

Tulitazame na neno lenyewe. Zalisha ni mtoto wa zaa. Zaa ilipoteza konsonanti yake ya kati zamani sana; Kiswahili kina tabia ya kumeza l ikikaa kati ya irabu mbili. Lakini konsonanti hiyo haikufa, inarudi katika minyambuliko mingi ya mzizi huo: zaliwa, zalia, mzalendo, mazalia. Wameru na Waembu hawakuimeza kabisa. Wao husema guciara, na ile r ni ndugu wa l yetu. Kuzalisha, kwa hiyo, ni kumsaidia au kumfanya mwingine azae. Mkunga huzalisha. Shamba huzalisha, kiwanda huzalisha, ng'ombe wa maziwa huzalisha. Katika matumizi yote hayo kinachotoka ni kitu halisi, chenye uzito, ambacho mzani hauwezi kukikana. Lita ishirini zilizozalishwa ni lita ishirini.

Mashine hii haizai wala haizalishi. Inapanga neno baada ya neno, kila moja likichaguliwa kwa uwezekano wake wa kufuata yaliyotangulia, kwa kuwa imepitishwa kwenye maandishi mengi kupita yanayoweza kusomwa na mtu mmoja katika maisha mia. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyohiyo, nacho ni kutunga.

Hebu msomaji alipime neno hili ulimini. Tunatunga shanga uzini. Wavuvi wana mtungo wa samaki. Malenga hutunga shairi, Bunge hutunga sheria, bodi hutunga sera, mwalimu hutunga mtihani. Na muhimu kuliko yote, mtu hutunga uongo. "Hiyo umeitunga" ni tuhuma ambayo kila mtoto wa Kiswahili ameisikia. Kipaji na udanganyifu vimo katika kitenzi kimoja, na kinachovitofautisha ni aliyetunga na anayesikiliza. Sijaona neno katika lugha yoyote ninayoisoma linaloieleza teknolojia hii kwa ukamilifu huo. Waingereza walilazimika kutafuta istilahi ya pili, wakakopa neno la wagonjwa wanaoona visivyokuwepo, ili kusema kwamba mashine imetoa jambo lisilo la kweli. Sisi hatuna haja ya istilahi ya pili. Imetunga.

Kutoka tunga tunapata tunzi, kwa kanuni ileile iliyotupa mjenzi kutoka jenga na mtunzi mwenyewe kutoka tunga. Akili unde tunzi kwa ukamilifu. Akili tunzi kwa mazungumzo ya kila siku. Na mifumo ile ya kupima mikopo iitwe akili bainishi, ili mwanafunzi wa fedha ajue kwamba inayoamua nani akopeshwe na inayomwandikia insha zina kazi mbili tofauti.

Nilipolitoa pendekezo hili kwenye warsha moja, ambayo siitaji, nilijibiwa kwamba tunzi litachanganywa na tunza. Nikauliza ni nani amewahi kumchanganya mtunzi na mtunzaji, tangu watu waanze kuandika mashairi. Sikujibiwa, tulikwenda kunywa chai. Aliyekuwa na rai bora zaidi alikuja na "akili umbaji". Huyo namheshimu kwa ujasiri, maana kwenda kuwaambia Wamethodisti wa Meru kwamba kuna kompyuta inayoumba ni kazi ya mtu aliyekwisha kuaga kwake.

Wengine husema haidhuru, vijana watasema "nimeitoa kwa AI" hata tutunge nini, na wananikumbusha tarakilishi, lililobaki vitabuni huku watu wakitembea na kompyuta. Ni kweli kuhusu tarakilishi. Lakini istilahi ya kufundishia haishindani na ya mtaani. Inapaswa kuzaa maneno mengine, na hapo ndipo zalishi linapoanguka kabisa. Kosa kubwa tunalolikuta sasa katika vyuo vyetu ni mwanafunzi kuleta kazi isiyo yake. Kwa tunzi, kosa hilo lina jina papo hapo: insha ya kutungiwa. Ajaribu mwenye zalishi aseme "insha ya kuzalishiwa" mbele ya darasa, tuone nani atakayebaki na uso mkavu.

Jina hilo, tena, linafaa kwa kosa lililokuwepo kabla ya mashine. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wenye shahada na wasio na kazi walitunga insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo, baadhi yao wakiandika kuhusu usimamizi wa kampuni ambazo hawatazitia mguu. Magazeti ya huko yaliandika habari zao. ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa Novemba 2022 ikaanza kuwanyang'anya wateja. Waliokuwa wakitungia watu wakapata mtungaji wa bei nafuu.

Nachukua insha moja iliyopita mikononi mwangu, nieleze kwa nini jambo hili si la maneno tu. Swali lilimtaka mwanafunzi aonyeshe jinsi kiwanda cha chai kilicho chini ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, kinavyowagawia wakulima mapato. Kazi ilikuja safi, ina vichwa vidogo, nguvu na udhaifu, fursa na vitisho, lugha imenyooka kama tuta la viazi. Ikafika kwenye bonasi. Ikaandika kwamba bonasi ni gawio analopewa mkulima kulingana na idadi ya hisa zake kiwandani.

Mtoto wa shule ya msingi anayeishi karibu na Mungania, Rukuriri au Githongo angecheka. Mkulima hulipwa kila mwezi kiasi fulani kwa kila kilo ya majani aliyopeleka kituoni. Mwaka wa fedha ukifungwa mwisho wa Juni, hesabu hupigwa, gharama huondolewa, na kinachobaki hulipwa tena kwa kilo zilezile; ndiyo bonasi, na ndiyo maana kwa kawaida karibu na Oktoba maduka ya Embu hayapitiki. Hisa zina gawio lake, na hilo ni hesabu nyingine. Mwenye hisa nyingi na majani machache hapati bonasi kubwa. Tofauti hii ndiyo moyo wa siasa yote ya viwanda hivi: kwa nini kiwanda hiki kinalipa vizuri kuliko kile cha ng'ambo ya mto, nani alikopa kununua mashine, wakurugenzi wachaguliwe kwa kura za hisa au kwa kichwa. Mwanafunzi asiyeijua hawezi kukaa kwenye bodi hata siku moja. Na mwanafunzi huyu, kinachouma zaidi, alikuwa akilipiwa karo na bonasi hiyohiyo.

Mashine haikukosea kwa ujinga. Viwanda hivyo ni kampuni, na wakulima ni wanahisa wake. Katika maandishi ya dunia, baada ya kampuni na mwanahisa linalofuata mara nyingi ni gawio. Ikatunga ushanga uliozoeleka. Kinachoandikwa kuhusu chai ya Embu, au kuhusu namna miraa za kangeta na alele zinavyopangiwa bei Maua alfajiri, ni kidogo mno, na kilicho kingi hakijaandikwa popote, kimo vichwani mwa watu. Elimu ya usimamizi kwa huku haina budi kwenda kukichukua humo.

Sisemi mashine itupwe. Ukiipa taarifa ya malipo ya mwezi iliyo mbele yako na kuiambia itunge maswali ya hesabu juu yake, inafanya vizuri kuliko mimi saa nne za usiku. Ukiiambia ijifanye mkulima mwenye hasira kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mwanafunzi anapata wa kujibizana naye kabla ya kukutana na wa kweli, ingawa mkulima wake ana adabu kupita yeyote niliyemsikia Igembe. Inafafanua mizania kwa Kiswahili kinachosomeka, na haichoki kuulizwa mara ya tano. Ila rekodi za wanachama wa Sacco zisibandikwe humo, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijasema kazi ya darasani imesamehewa. Na kila tarakimu iliyotungwa ithibitishwe. Hayo waraka umeyaeleza vizuri, sina la kuongeza.

Nawaomba wenzangu wa Nchiru, wa Chuka na wa Embu: kabla waraka huo haujapigwa chapa, futeni kichwa chake. Andikeni "Akili Tunzi katika Elimu ya Usimamizi." Zalishi tuwaachie wanaisimu, waliotangulia kulitumia. Na aliye na neno bora kuliko tunzi alilete, ila alilete pamoja na sentensi yake, na jina la insha ya kutungiwa litakavyokuwa chini yake.