Kaboni ya Oltepesi: Jinsi Jani Linavyochagua Hewa

Huku Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, mbuzi hufuata maganda ya mgunga na ng'ombe hufuata nyasi. Mimea hiyo huvuta hewa ileile, lakini haiitumii kwa namna moja.

Katika kaboni ya hewani, kama asilimia 1.1 ni kaboni 13, iliyo nzito kidogo. Karibu yote iliyobaki ni kaboni 12. Kimeng'enya cha mgunga hupendelea hiyo nyepesi. Nyasi za nchi ya joto, ziitwazo C4, hunasa hewa ya ukaa kwa kimeng'enya kisichobagua sana, kisha huifungia ndani kabisa ya jani. Ndiyo maana, kaboni 13 ikilinganishwa na kipimo cha rejea, jani la mti hupima karibu −27 kwa elfu, na nyasi karibu −13.

Mwaka 1979, S. K. Imbamba wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Larry Tieszen wa Marekani, Senyimba na Troughton walichapisha vipimo vya nyasi za Kenya. Chini ya mwinuko wa mita 2,000, karibu zote zilikuwa za C4. Juu ya mita 3,000, za C4 zilikuwa chache mno. Mwaka huohuo, Imbamba na Tieszen walishiriki utafiti mwingine uliotumia kaboni kujua wanyama wa Afrika Mashariki wamekula nyasi au majani ya miti. Ni kazi inayostahili kufundishwa shuleni.

Kanuni ya kukadiria jinsi jani la mmea kama mgunga linavyobagua kaboni nzito ilikuja mwaka 1982, kutoka kwa Graham Farquhar, Marion O'Leary na Joseph Berry. Kwa sura yake rahisi, chukua uwiano wa hewa ya ukaa iliyo ndani ya jani kwa ile ya nje, uzidishe kwa 22.6, kisha ujumlishe 4.4. Kiangazi kikikaza, mgunga hufumba stomata zake, yaani vitundu vya jani, hewa ya ukaa ya ndani hupungua, na kimeng'enya hulazimika kupokea hata kaboni nzito. Ukame huandikwa ndani ya jani lenyewe.

Udongo nao hutunza alama ya kaboni ya mimea iliyoota juu yake. Jirani tu, Olorgesailie, ambako Mary na Louis Leakey walikuta mashoka ya mawe mwaka 1942, Nancy Sikes, Rick Potts na Anna Behrensmeyer walipima udongo wa kale wa karibu miaka 990,000. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba asilimia 75 hadi 100 ya mimea ya pale ilikuwa ya C4. Wachonga mashoka wale waliishi penye nyasi.