Ngoma Iko London, Kiti Kiko Nairobi

Mwaka 1908 British Museum ya London ilipokea ngoma kutoka kwetu. Usifikirie ngoma ya harusi. Hii ilikuwa Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ambayo maofisa wa kikoloni waliwanyang'anya miaka michache kabla ya hapo. Mpaka leo iko huko, tena kwenye stoo. Mwaka 2016 hivi, Baiba Dhidha Mjidho, mrithi wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo, alifika kuiona. Nchi ambayo wimbo wake wa taifa unatokana na bembelezo la mtoto la Kipokomo haijaweza kurudisha ngoma ya Wapokomo nyumbani. Haya basi.

Ngadji ilikuwa chini ya Kijo, chama cha wazee wenye mamlaka kando ya Mto Tana. Sauti yake ni mngurumo, na ambaye hajaingizwa chamani hakuruhusiwa kuiona. Sitaki kuipamba Kijo kama wanavyofanya watu wa utalii. Ilikuwa inaogopwa, na mambo yake yalikuwa ya siri. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo serikali zote zilizofuata zimeshindwa kulipata: mzee akifa, ngoma inabaki. Anayeshika uongozi anarithi kitu, harithi jina tu.

Wamishonari Wajerumani walifungua kituo Ngao, karibu na Garsen ya leo, mwaka 1887. Waingereza nao wakaleta machifu wa kulipwa mshahara. Kijo ikadhoofika, lakini baraza la wazee, gasa, likaendelea kusikiliza kesi za mashamba. Waorma, wafugaji, wana wazee wao, matadeda. Pande hizi mbili zilikuwa na mambo ya kuzungumza kila mwaka, maana Mpokomo analima ukingoni mwa mto na ng'ombe wa Morma lazima anywe maji ya mto huohuo. Njia ya kumpitisha ng'ombe kati ya mashamba inaitwa malka. Malka ipite wapi, kiangazi kikianza nani aambiwe kwanza, mahindi yakiliwa nani alipe: hayo ndiyo siasa yenyewe ya Delta. Mengi yake hayajaandikwa popote. Yako vichwani mwa wazee.

Ndiyo maana serikali ilipoanza kupima ardhi na kutaka kutoa hati za mashamba, karibu mwaka 2000, Delta iliwaka. Kwa mkulima, hati ni usalama. Kwa mfugaji, hati ya jirani ni ukuta mbele ya maji. Watu waliuawa, na wazee wakarudi kukaa chini tena.

Halafu tukapata ofisi ya amani. Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, Bunge lilipitisha sheria ya 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mzalendo Kibunjia, ambaye kazi yake ya asili ni akiolojia. Mtu wa kufukua mawe ya kale Turkana akapewa kazi ya kuzuia Wakenya wasizikane. Mimi naona uteuzi huo haukuwa mbaya. Angalau alijua kwamba ya kale hayajaisha kwa sababu tu yamefunikwa.

Tume ilikuwa na miaka mitatu hivi Delta ilipolipuka upya. Tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, Waorma, wengi wakiwa wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma, kisha Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Rais Kibaki akatangaza kafyu. Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Tarehe 21 Desemba, Kipao ikashambuliwa. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kiti cha gavana. Ukichanganya malisho, mashamba na kiti kipya chenye bajeti, hesabu si ngumu.

Sasa angalia kilichofuata Nairobi. Kibunjia aliondoka, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa. Mlinzi wa amani akawa mlinzi wa vitu vya kale, huku kitu cha kale ambacho Tana inakililia kiko London! Mwaka 2014 akaingia Francis ole Kaparo, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka 15. Kaparo akaondoka 2018. Mchungaji Samuel Kobia, aliyewahi kuongoza Baraza la Makanisa Ulimwenguni, akaapishwa Novemba 2019. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mwaka mzima kati ya mwenyekiti mmoja na mwingine.

Utasema wafanyakazi wa ofisi walikuwepo. Ni kweli, mishahara haikusimama. Lakini amani ya Delta haikai kwenye faili. Mzee wa gasa anaaminiana na mtu aliyekunywa naye chai Garsen mara tatu, si na barua yenye nembo. Mwenyekiti mpya anakuja na gari jipya, anauliza maswali yaleyale, na wazee wanaanza kusimulia upya toka Riketa. Wengine kati ya waliokuwa wakisimulia hawapo tena.

Kuna wanaoniambia suluhisho ni kuwaachia wazee kila kitu. Sikubali. Vijana walioshika mikuki na bunduki 2012 hawakumwuliza mzee ruhusa, na akina mama wa Riketa hawakuwa na kiti kwenye baraza lolote. Mimi ningependa kujua jambo dogo zaidi: siku Kobia alipokabidhiwa ofisi, alipewa nini mkononi kuhusu Delta? Ramani ya malka? Majina ya wazee na ahadi walizopeana? Mzee wa Kijo angejibu swali hilo bila kufikiri. Angekuonyesha ilipowekwa ngoma. Kama ungekuwa umeingizwa chamani, lakini.