Daftari la Mahudhurio

Kwa zaidi ya miaka thelathini asubuhi zangu zilianza na daftari la mahudhurio. Nilianza kazi nikiwa mwalimu wa kawaida, nikamaliza nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Wanachuo wangu niliwaambia daima kwamba anayeitikia "nipo" si lazima awe tayari kusoma. Yawezekana amekuja na njaa, au na homa.

Miaka michache iliyopita nilitoka kwangu Mbagala alfajiri kwenda ofisi fulani kuhakikiwa. Sisi wastaafu hutakiwa tuthibitishe kwamba tungali hai. Nilichukua kitambulisho, picha na pumzi zangu. Binti wa dirishani alinitazama kwa huruma. "Shikamoo babu. Leo mfumo unasumbua." Tulikaa kwenye mabenchi hadi adhuhuri. Mzee mmoja alikuwa amevuka kutoka Kigamboni kwa nauli ya kukopa. Sisi tuliotakiwa kusema tupo, tulikuwepo sote. Aliyepaswa kutuandika ndiye hakuwepo.

Jioni nilimwuliza mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kutunza seva katika kampuni nyingine: "Kwani hakuna anayeiuliza mashine kama ipo, kabla sisi hatujapanga foleni?"

Alinieleza, nami nikaenda kusoma zaidi. Desemba 1983, Mmarekani Mike Muuss, mtumishi wa maabara ya jeshi la nchi yake, aliandika programu ndogo aliyoiita ping, kwa kufuata mlio wa chombo kinachopima vitu baharini kwa mwangwi. Kompyuta moja hubisha hodi kwa nyingine. Ikiitikiwa, inajua mwenziwe yupo. Mwaka 2012 Michael DeHaan alileta chombo kiitwacho Ansible. Kwa chombo hicho fundi huandika maagizo mara moja, nayo hutekelezwa katika mashine nyingi. Miongoni mwa maagizo hayo limo moja la kuijulia hali seva ya kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu, ya aina ya PostgreSQL. Hili haliishii mlangoni. Hujaribu kuingia mpaka ghalani. Jibu lake ni fupi: ipo, au haipo. Na ikiwa haipo, agizo hilo halipigi kelele wala halisimamishi kazi. Huandika tu, kama mwalimu aandikavyo alama ya utoro. La kufanya baada ya hapo huamuliwa na binadamu.

Nchi yetu imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara na matatizo katika hesabu za Hazina. Wako wanaoicheka marufuku ile. Mimi siicheki, ingawa siitetei. Mashine zilikuwepo, waliopungua ni wataalamu wetu wenyewe wa kuziuliza na kuyaelewa majibu yake. Dawa ya upungufu huo ni kusomesha watu, wala si kufunga mlango. Mei 2021, mashine zikiwa zimejaa kila ofisi, mfumo wa LUKU ulipata hitilafu, watu wakashindwa kununua umeme kwa simu na kupanga foleni wakiwa na fedha mkononi. Safari hii mashine zilikuwa nyingi, na wasomi wa kompyuta pia.

Ndipo nikamwuliza mjukuu wangu swali la pili: "Na ikiandikwa 'haipo' saa tisa usiku, nani anasoma?"

Alinyamaza kidogo. "Inategemea, babu."

Sikumlaumu, kwa kuwa nami nina deni. Mwaka 1978 nilimwandikia mtoto mmoja alama ya utoro kwa siku kumi na moja mfululizo, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko safi. Mkaguzi alipopita alilisifu daftari langu. Siku ya kumi na mbili ndipo nilipopanda baiskeli kwenda kwao, nikakuta matanga. Mama yake aliniambia kwamba mtoto alikuwa akiuliza kama mwalimu atakuja.

Daftari lile halikukosea hata siku moja.