Mbegu ya Mhogo na Mkulima wa Pwani ya Kusini

Wapo wanaouliza kwa nini mkulima wa Kilwa na Lindi halimi viazi mviringo kama mwenzake wa Njombe. Sababu si uvivu. Kiazi hicho hutaka usiku wa baridi ili kijaze. Katika joto la pwani huota majani mengi na viazi haba. Hapa zao la mizizi ni mhogo, na suala la mbegu ya nchi ya joto ni suala la mhogo.

Adui mkubwa wa mhogo wa pwani ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Shina laweza kuonekana zima, kumbe mizizi imeoza ndani. Mkulima hutambua hasara siku ya kuchimba, chungu kikiwa kinamngoja. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga.

Amani kilikuwa chombo cha ukoloni. Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 kwa manufaa ya kilimo cha walowezi, Waingereza wakakirithi. Hata hivyo, ukweli usemwe: ni humo mhogo ulimopandanishwa na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, kisha vizazi vyake vikarudishwa kwenye mhogo ili kupata mbegu stahimilivu yenye mizizi ya kulika. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957.

Je, matunda yake yalipotea? Hapana. Mbegu ya Amani namba 46106/27 ilidumu pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na mhogo waliouita Namikonga. Vinasaba vilipopimwa, ilionekana kuwa ni mbegu ile ile. Madaftari yalifungwa, lakini pingili ziliendelea kupita kutoka mkono hadi mkono. Baadaye Namikonga ilipandanishwa na Albert, aina inayougua upesi, na watoto wao wakapimwa Naliendele, Mtwara, ili kujua ustahimilivu umejificha wapi.

Fundisho ni wazi. Utafiti usiomfikia mkulima hubaki karatasi. Mkulima asiye na utafiti hubahatisha. Namikonga yenyewe haina kinga kamili. Basi mtaalamu na mwanakijiji wachague mbegu pamoja, na pingili safi zifike vijijini kabla ya mvua. Aliyeitunza mbegu wakati wenye madaraka walipoiacha hastahili kuwa wa mwisho kuipata.