Siagi Mara Tatu: Historia Fupi ya Mgahawa wa Alfredo, Roma

Mgahawa uliofunguliwa mwaka 1914 katika mtaa wa Via della Scrofa, katikati ya Roma, bado uko wazi. Umepita vita viwili vya dunia, miaka ya Mussolini, kukaliwa kwa jiji na majeshi ya Wajerumani, kuanguka kwa ufalme wa Italia na kuondoka kwa sarafu ya lira. Muda wote huo wateja wameendelea kuingia kwa ajili ya sahani moja: tambi bapa za mayai zilizochanganywa na siagi na jibini la Parma. Hazina nyama wala nyanya, hazina hata kitunguu. Sahani hiyo imekwenda kila bara kwa jina la mtu, fettuccine Alfredo, na wengi wanaolitamka jina hilo hudhani ni la kiwanda au la mtaa. Alfredo alikuwa mtu kweli. Alikuwa na mama, mke na mtoto, na habari yote ilianza nyumbani kwake.

Alfredo Di Lelio alizaliwa Roma, akajifunza kazi kwa mama yake, Angelina, aliyekuwa na mgahawa mdogo Piazza Rosa. Uwanja huo haupo tena. Ulifutwa ili kupisha ujenzi wa Galleria Colonna, jengo la maduka ambalo leo linaitwa Galleria Alberto Sordi. Mwaka 1908 Ines, mke wa Alfredo, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Armando. Familia inasimulia kwamba uzazi ule ulimdhoofisha Ines vibaya, hamu ya kula ikampotea, na kila alichopelekewa kilirudi jikoni kilivyokuja. Kila jamii ina chakula chake cha mzazi. Alfredo akaingia jikoni kumtafutia mkewe cha kwake: akakanda unga wa semolina, akakata tambi nyembamba, akazichemsha, akazichanganya na siagi mbichi na jibini. Ines akala akamaliza, kisha akamwambia mumewe chakula kile kinafaa kuuzwa.

Simulizi za migahawa hupambwa, na hii inawezekana imepambwa pia, lakini mimi naiamini katika jambo moja kubwa. Ukiitazama sahani yenyewe unaona ni chakula cha mtu dhaifu. Ni laini, hakina viungo vya kuchoma wala harufu kali ya kumkirihisha mgonjwa, na kina nguvu nyingi katika tonge dogo. Mpishi anayetaka kuwashangaza matajiri hangeanzia hapo. Angeanza na kondoo, uyoga, au samaki wa bei mbaya.

Hata hivyo Alfredo hakubuni tambi za siagi na jibini, na haki ni haki. Waitalia walikuwa wakizila karne nyingi kabla yake. Maestro Martino, mpishi mashuhuri wa karne ya 15, aliandika katika kitabu chake cha mapishi namna ya kupika tambi za Kiroma kwa siagi, jibini na viungo vitamu. Mpaka leo mama wa Kiitalia akiuguliwa na mtoto tumbo, humpa tambi nyeupe, zenye siagi au mafuta na jibini kidogo juu. Alichokifanya Alfredo ni kuzidisha na kusafisha. Alizidisha siagi, ikawekwa kwa wingi kwenye sahani kabla tambi hazijafika, mpaka wenyewe wakaiita siagi ya mara tatu. Akazifanya tambi ziwe nyembamba kuliko desturi, ili zishike siagi bila kuzama ndani yake. Kisha akaitoa kazi ya mwisho jikoni na kuileta mezani, mbele ya mteja. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyojenga jina.

Inafanywa hivi. Tambi mbichi, kwa kuwa ni nyembamba na bado zina unyevu wa mayai, huhitaji muda mfupi sana kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Haziachwi zikauke baada ya kutolewa; hupakuliwa zikiwa bado zinadondosha maji ziliyochemshiwa, na hiyo ni siri iliyo wazi kwa kila mtu. Mhudumu huzileta mezani katika sahani pana iliyopashwa moto, chini pana siagi, juu pana jibini lililokunwa laini kama unga. Anashika kijiko mkono mmoja na uma mkono wa pili, anaanza kuzinyanyua na kuziangusha, akizigeuza kutoka pembeni kwenda katikati. Mwanzo unaona vitu vitatu vilivyo mbali mbali: tambi, siagi inayoyeyuka, vumbi la jibini. Kisha maji yenye wanga yanakamatana na mafuta ya siagi, jibini linayeyuka humo, na ghafla kunatokea rojo laini la rangi ya maziwa linaloshika kila uzi wa tambi. Hakuna krimu iliyotiwa. Wanga ndio unaofanya kazi ya kuyashikanisha maji na mafuta yasitengane. Mkono ukiwa mzito au sahani ikiwa baridi, mafuta yanajitenga na jibini linaganda mabonge. Ndiyo maana kazi ile hapewi mtu asiye na uzoefu.

Jibini nalo lina habari yake. Parmigiano Reggiano halali hutengenezwa katika eneo dogo la kaskazini mwa Italia, kuzunguka Parma, Reggio Emilia na Modena, pamoja na sehemu za Bologna na Mantova. Gurudumu moja lina uzito wa kilo 40 hivi, na hula zaidi ya lita 500 za maziwa ya ng'ombe. Halitoki ghalani kabla ya miezi 12. Mpishi wa fettuccine hizi hatafuti lile kongwe kupita kiasi, kwa kuwa likizeeka huwa kavu na gumu kuyeyuka. Anatafuta lenye umri wa kutosha kuwa na ladha, na ubichi wa kutosha kukubaliana na siagi. Sahani ikiwa na vitu vitatu tu, kila kimoja kinaonekana wazi, na hakuna pa kuficha kibaya.

Via della Scrofa palikuwa mahali pazuri pa kufungua biashara ya namna hiyo. Piazza Navona na Pantheon ziko hatua chache, na Palazzo Madama, makao ya Seneti ya Italia, iko jirani. Watalii walipita, wanasiasa walipita, waandishi nao walipita. Vita vya kwanza vilipokwisha, Wamarekani wakaanza kufika Roma kwa wingi wakiwa na dola zenye nguvu, na mgahawa wa Alfredo ukaingia kwenye mazungumzo yao haraka. Sinclair Lewis, ambaye baadaye alikuwa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alichapisha riwaya yake ya Babbitt mwaka 1922, na humo ndani mhusika mmoja anausifia mgahawa mdogo wa Via della Scrofa kwa fettuccine zake. Miaka minane tu tangu mlango ufunguliwe, tayari mtaa ule ulikuwa unatajwa katika riwaya ya Kimarekani.

Lakini waliomfanya Alfredo awe Alfredo walikuwa wageni wawili wa sinema. Mary Pickford na Douglas Fairbanks walioana Machi 1920, wakaja Ulaya kwa fungate. Wakati ule wa sinema zisizo na sauti, nyuso zao zilikuwa miongoni mwa zilizojulikana zaidi duniani; mwaka mmoja kabla walikuwa wameanzisha kampuni ya United Artists pamoja na Charlie Chaplin na D. W. Griffith. Walikula kwa Alfredo, wakarudi tena. Mwaka 1927 wakamzawadia uma na kijiko vya dhahabu, vimechongwa maneno ya kumtaja kuwa mfalme wa tambi, na tarehe yake, Julai 1927. Mwaka huohuo George Rector, mwenye mgahawa maarufu wa New York, aliandika katika jarida la Saturday Evening Post jinsi Alfredo alivyokuwa akizichanganya fettuccine zake kwa mbwembwe mbele ya wateja.

Picha za enzi hizo zinamwonyesha mwenyewe: mtu mnene mwenye masharubu makubwa, amenyanyua tambi juu kwa uma na kijiko, macho kwa mgeni na si kwa sahani. Kuta zikaanza kujaa picha za waliokula hapo, waigizaji, wafalme, mawaziri. Ni rahisi kuudharau utamaduni huo wa kutundika picha za wakubwa, lakini nadhani mwenye kuudharau hajamwelewa Alfredo. Alimhudumia mgeni wa kawaida kwa mikono ileile na kwa mbwembwe zilezile. Mteja asiyejulikana na mtu alipata naye dakika zake chache za kufanyiwa kazi mbele ya macho yake.

Kisha ikaja njaa. Italia iliingia Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1940, na kufikia Machi 1942 mgawo wa mkate kwa mtu wa kawaida ulikuwa umeshuka hadi gramu 150 kwa siku. Julai 1943 Roma ikapigwa mabomu, Mussolini akaondolewa madarakani, na Septemba Wajerumani wakalishika jiji, wakalikalia mpaka Juni 4, 1944. Mgahawa unaoishi kwa siagi na jibini ulikuwa na kazi gani katika jiji lililokosa mkate? Mwaka huo wa 1943 Alfredo aliuuza, pamoja na jina na picha zake ukutani, kwa wahudumu wake wawili, Giuseppe Mozzetti na Ubaldo Salvatori. Watu waliokuwa wakibeba sahani wakawa wenye nyumba. Mzigo walioupokea haukuwa mwepesi, nao hawakuuangusha.

Amani iliporudi, mzee hakutulia nyumbani. Mwaka 1950, akiwa na mwanawe Armando, yule aliyezaliwa mwaka 1908, alifungua mgahawa mwingine Piazza Augusto Imperatore, namba 30, ukitazamana na kaburi la Kaisari Augusto. Mgahawa huo unaitwa Il Vero Alfredo, yaani Alfredo wa kweli, na jina hilo lilikuwa tangazo la vita. Alfredo alifariki mwaka 1959. Armando akaendelea, na baada yake wajukuu, Alfredo na Ines, huyu wa pili akiwa na jina la bibi yake ambaye sahani ilipikwa kwa ajili yake. Kule Via della Scrofa, ambako siku hizi kunaitwa Alfredo alla Scrofa, familia ya Mozzetti nayo ikarithishana kazi.

Tangu hapo Roma ina nyumba mbili, kila moja ikidai kuwa ndiyo yenyewe. Nimesikia watu wakibishana juu ya jambo hili kana kwamba lazima mmoja awe mwongo. Sioni mwongo hapa. Moja ina chumba, kuta, na ukoo wa kazi usiokatika tangu 1914, kutoka kwa bwana hadi kwa wahudumu aliowafundisha mwenyewe. Nyingine ina damu ya Di Lelio na mikono ya mzee katika miaka yake ya mwisho. Fundi akiwa na mtoto na akiwa na mwanafunzi, wote wawili ni warithi wake. Mimi ningewalaumu tu kama mmoja wao angeacha kuchanganya tambi mezani, na hakuna aliyeacha.

Upotevu umetokea ng'ambo ya bahari. Wamarekani walipoipenda sahani hii walitaka kuipika kwao, na wengi walikosa siagi, jibini na tambi mbichi za namna ile. Krimu ikaingia kuziba pengo, kwa kuwa krimu hutoa uzito bila kuhitaji mkono wenye ujuzi. Mwaka 1966 kampuni ya Pennsylvania Dutch ilipoanza kuuza fettuccine kavu, maelekezo ya upishi kwenye pakiti yalitaja krimu na jibini la Uswisi pamoja na siagi na Parmesan. Baadaye vikaja vitunguu saumu, kuku, uduvi, na chupa za mchuzi mweupe kwenye rafu za maduka makubwa. Familia ya Di Lelio yenyewe ilipeleka jina lake New York mwaka 1977, karibu na Rockefeller Center, na mgahawa mwingine wa jina hilo ukakaa Florida, katika bustani ya Epcot ya Disney, mpaka mwaka 2007. Jina likakua kuliko sahani. Leo ukimtajia Mwitalia wa kawaida nje ya Roma fettuccine Alfredo, huenda asijue unazungumzia nini. Yeye anazijua tambi za siagi tu, chakula cha utotoni.

Siwakatazi wanaopenda krimu. Ninachosema ni kwamba ukila ile ya chupa hujala ya Alfredo, hata jina liwe kubwa kiasi gani kwenye kibandiko.

Manispaa ya Roma imeutambua Il Vero Alfredo kuwa miongoni mwa maduka ya kihistoria ya jiji. Kutoka pale hadi Via della Scrofa ni mwendo mfupi: unashika Via di Ripetta kwenda kusini, mtaa unabadilika jina ukiwa bado unatembea, na kwa chini ya dakika kumi umefika. Msomaji utakayejaliwa kufika Roma, zigawe siku zako ule kote kuwili, mmoja mchana na mwingine kesho yake. Agiza fettuccine peke yake, usiongezewe chochote, na umwombe mhudumu akuchanganyie mbele yako. Ikifika mbele yako anza kula pale pale, kwa sababu rojo lile halidumu zaidi ya dakika chache, likipoa limekwisha.