Wazazi wa Fungurume na Somo la Historia ya Dunia: Hoja ya Kuanzia Desemba 1941

Katika mikutano ya wazazi inayofungua mwaka wa shule Kongo, somo la historia hupata dakika chache, kama likipata kabisa. Mambo ya karo, sare na kamati ya wazazi humaliza asubuhi nzima. Mwalimu wa historia akifikiwa, husoma mada za mwaka kwa Kifaransa: Mapinduzi ya Ufaransa, vita kuu mbili, Vita Baridi. Utaratibu huu una watetezi. Mzazi wa mji wa migodi kama Fungurume, wanasema, anataka mwanawe asome umeme au jiolojia apate kazi kampunini. Kumweleza zaidi ni kumchosha. Kwa maoni yangu watetezi hao wamekosea tangu mwanzo, kwa kuwa wanamchukulia mzazi kama mtu aliye nje ya historia ya dunia, anayeruhusiwa kuichungulia mara moja kwa mwaka.

Kwamba familia za wafanyakazi wa Katanga zimebeba kumbukumbu nzito ya karne ya 20, hakuna anayebisha tena. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu familia hizo na mamlaka ya baba, amelionyesha hilo vya kutosha. Ubishi uko kwenye matumizi. Wasomi wengi tumeichota kumbukumbu hiyo, tukaenda kuiandika kwa Kifaransa au Kiingereza, na mwenye simulizi akabaki mtoa habari tu. Shule nayo hata kuchota haichoti.

Ushahidi ninaoutegemea ni wa Tshibumba Kanda-Matulu. Mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji huyu alimpelekea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha 101 za historia ya nchi, akazieleza kwa Kiswahili. Picha na maelezo vilichapishwa kitabuni mwaka 1996. Wasomi wameshughulika mno na swali la wapi historia yake inapishana na vitabu. Mimi natazama ufundishaji uliomo ndani yake. Picha za namna hiyo zilitundikwa sebuleni katika miji ya migodi miaka ile, na watu waliziita picha za ukumbusho. Iliyopendwa sana ilikuwa ile ya enzi ya Mbelgiji: mfungwa amelazwa chini akichapwa, ofisa mzungu anatazama. Mgeni akiuliza, mwenye nyumba alieleza, na watoto walisikia. Mzazi alikuwa mwalimu wa historia kabla shule haijamwita mkutanoni.

Mojawapo ya picha za Tshibumba inaonyesha mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1941, na ningependa mkutano wa wazazi uanzie hapo. Ujerumani iliiteka Ubelgiji Mei 1940. Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ilibaki upande wa Washirika, na shaba ya Katanga ikaingia vitani pamoja na Uingereza. Kazi migodini iliongezwa, bei za bidhaa zikapanda, mishahara ya Waafrika ikaachwa nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Mgomo uligusa pia Jadotville, Likasi ya leo, mji ambao mtu wa Fungurume huupita akienda Lubumbashi. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Siku mbili kabla, Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor. Kitabu kinachofundisha tukio moja na kuliacha la pili kinafundisha nusu ya vita. Baba au mama aliyewahi kuona bei ya unga ikipanda huku mshahara umesimama haelezwi maana ya uchumi wa vita. Anaulizwa aeleze yeye. Mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, unaweza kungoja mkutano wa pili.

Nitapingwa kwamba Fungurume si Lubumbashi. Mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ulianza kuzalisha mwaka 2009, na wakazi wengi ni wageni wasio na babu wa Union Minière. Ni kweli, ila pingamizi hilo linanisaidia. Bunkeya, mji mkuu wa mfalme M'Siri, iko katika teritwari hiyohiyo ya Lubudi. M'Siri mwenyewe alitoka upande wa Unyamwezi akiifuata biashara ya shaba, na aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs, uliotumwa kumpatia Leopold II nchi ya Katanga na kubebewa mizigo na wapagazi kutoka pwani ya Zanzibar. Kuifuata shaba kutoka mbali ni desturi ya zamani hapa. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza sehemu yake ya mgodi kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65; mzazi aliyebadilishiwa mwajiri huku akiingia kwa lango lilelile ana mengi zaidi ya kusema kuhusu utandawazi kuliko kitabu cha mwanawe.

Wengine watasema kumbukumbu hukosea. Tshibumba alikosea mahali kadhaa, na nyaraka za kampuni nazo zilificha mengi. Vilinganishwe mbele ya wazazi.

Kuhusu lugha sioni sababu ya kubishana sana. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Haielekei kwamba inamkataza mwalimu wa sekondari kuzungumza na mzazi kwa Kiswahili.

Pingamizi moja linanipa shida. Ukiwafungulia wazazi wa mji huu historia ya kuhama, utafika mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na kurundikana stesheni za treni za Likasi na Kolwezi. Katika chumba kimoja wanaweza kukaa waliofukuzwa na waliotazama. Somo la historia ya dunia lina mifano ya kuwasaidia kulizungumza, kutoka mgawanyo wa India mwaka 1947 hadi Rwanda, na huenda mifano ya mbali ndiyo njia ya kulikaribia. Lakini mwalimu kijana aliyepewa saa moja, bila mafunzo na bila mkuu wa shule kumkinga, asilazimishwe kulianza. Kwa sasa napendekeza 1941.